Sura ya Tano: Kiti cha Bibi Mkuu

Kwa muda uliozidi miaka 200, watu wa Marekani na Ulaya walilipa fedha ili wamtazame ndovu akitenda mambo ambayo maisha yake hayana haja nayo: kuketi juu ya kigoda, kusimama kwa kichwa, kuzunguka kwa mdundo wa tarumbeta, kumvuka binti aliyelala mchangani bila ya kumgusa hata ukosi wa nguo, na mwishoni kusimama safu moja na wenzake, kila mmoja ameiweka miguu yake ya mbele juu ya mgongo wa aliyemtangulia. Mambo hayo yamekoma sasa katika nchi nyingi, na kizazi kilichoyaona kinapungua kila mwaka. Wale wanaoyakumbuka wamegawanyika makundi mawili: wengine huyakumbuka kwa furaha ya utoto, wakaona kuwa dunia imepungukiwa na fahari, na wengine huyakumbuka kwa aibu, wakaona kuwa ilikuwa dhuluma tangu mwanzo hata mwisho. Sura hii inakusudia kuwakumbuka ndovu hao na walimu wao kwa insafu, na insafu hutaka kwanza lijibiwe swali ambalo makundi yote mawili hulipita haraka: ndovu alimtii mtu kwa sababu gani?

Nguvu haziwezi kuwa jawabu. Ndovu jike wa Kihindi aliyekomaa ana uzito wa kiasi cha tani tatu, na mtu aliyesimama ubavuni mwake, hata akiwa na kulabu ya chuma mkononi, hawezi kumzuia akiwa ameazimu kwenda zake. Mnyororo ulimfunga usiku, lakini mbele ya hadhira, chini ya taa na katikati ya kelele za maelfu ya watu, mara nyingi hakuwa na kifungo chochote, naye alikuja alipoitwa na kusimama alipoambiwa. Jawabu limo katika maumbile yake mwenyewe. Ndovu huzaliwa baada ya mimba ya miezi ipatayo 22, akapokewa na ukoo wa kike: mama, mama wakubwa na wadogo, dada na bibi, madume wakibaleghe hujitenga. Katika ukoo huo husikilizwa jike mzee, ambaye maarifa yake ya maji, njia na hatari ni hazina ya wote. Akisimama husimama, akiondoka huondoka, na ndama anayekosea hurudishwa mahali pake kwa mkonga, mara kwa upole na mara kwa ukali. Kiumbe aliyelelewa hivyo hubeba katika tabia yake haja ya kuwa na mkubwa wa kumtazama.

Mwalimu wa ndovu, akijua au asijue, aliingia katika mpango huo na kukalia kiti cha bibi mkuu. Utii ambao watazamaji waliudhania kuwa ni ushindi wa mtu juu ya mnyama ulikuwa ni adabu ya ndovu wenyewe, iliyoazimwa na binadamu kwa matumizi yake. Hiyo ndiyo sababu ya kwamba ustadi wa walimu hao ulikuwa wa kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kwamba lawama juu yao, pale walipostahili lawama, ni nzito kuliko lawama ya mtu aliyempiga mnyama asiyemjua. Kwani aliyekikalia kiti cha mkuu amejitwika amana ya mkuu, apende asipende.

Msomaji wa pwani aliyepitia chuoni amemjua ndovu wa kufunzwa tangu utotoni kwa kisa cha Abraha na jeshi lake, kilichoupa mwaka wa kuzaliwa kwa Mtume jina la Mwaka wa Ndovu. Na wapokezi wa sira husimulia kwamba ndovu mkubwa aliyetangulizwa mbele ya jeshi alipiga magoti akakataa kuielekea Makka, ijapokuwa alipigwa, na kila alipogeuzwa upande mwingine aliinuka akaenda. Mafunzo ya dini yaliyomo katika kisa hicho si kazi ya sura hii kuyafasiri. Lililo wazi ni kuwa watu wa kale walikwisha jua kwamba utii wa ndovu una mpaka, na kwamba fimbo haiwezi kuuvusha.

Warumi nao waliwafunza ndovu kwa ajili ya tamasha. Plinius Mkubwa ameandika habari za ndovu waliopita juu ya kamba, na za ndovu mmoja mzito wa kufahamu, aliyepigwa mara kwa mara kwa makosa yake, akaonekana usiku akiwa peke yake akiyarudia yale aliyoshindwa mchana. Lakini mwaka 55 kabla ya Masihi, Pompeius aliwaleta ndovu uwanjani si kucheza bali kuuawa, na walipoona kuwa hawana pa kukimbilia waliinua mikonga yao kwa namna ya kuomba, hata watu wakasimama wakilia na kumlaani mwenye tamasha. Cicero alimwandikia rafiki yake kwamba hadhira iliingiwa na huruma, na hisia ya kuwa mnyama yule ana ushirika fulani na wanadamu. Ushirika huo ulioonwa na Cicero ndio uliomfanya ndovu afundishike, na ndio uliofanya kumtesa kuwe kunaumiza hata macho ya watu waliozoea damu.

Ndovu wa kwanza kuonekana Marekani katika zama zetu alishushwa New York mwaka 1796, akitoka Calcutta katika merikebu ya nahodha Jacob Crowninshield. Baadaye akaja yule aliyejulikana kwa jina la Old Bet, ambaye mwenyewe, Hachaliah Bailey wa Somers katika jimbo la New York, alimtembeza mji hadi mji na kumwonyesha kwa malipo, mpaka ndovu huyo alipopigwa risasi katika jimbo la Maine mwaka 1816. Bailey alijenga hoteli katika mji wake na kusimamisha mbele yake nguzo yenye sanamu ya ndovu, na kwa sababu hiyo Wamarekani wengi huihesabu Somers kuwa chimbuko la sarakasi yao.

Ndovu mashuhuri kuliko wote, Jumbo, hakuwa na mchezo wowote wa kujivunia. Alikamatwa mdogo katika nchi za mpaka wa Sudan, akapelekwa Paris, na mwaka 1865 akahamishiwa bustani ya wanyama ya London, ambako alikabidhiwa kwa mtunzaji aitwaye Matthew Scott. Kazi yake ilikuwa kuwabeba watoto mgongoni, na kazi ya Scott ilikuwa kuwa naye. Mwaka 1882 P. T. Barnum alimnunua kwa pauni 2,000. Jumbo akakataa kuingia katika sanduku la kumsafirishia, watoto wa Uingereza wakaandika barua kumsihi Malkia Victoria, na magazeti yakajaa habari zake kwa muda wa majuma. Aliyemtuliza hata akasafiri alikuwa Scott, na Barnum alifahamu hesabu hiyo vizuri, akamchukua mtunzaji pamoja na ndovu wake. Jumbo alikufa tarehe 15 Septemba 1885, alipogongwa na gari la moshi mjini St. Thomas katika Kanada, naye Scott alikuwa karibu. Wenye mali hununua na kuuza ndovu kwa hati, lakini ndovu mwenyewe hakupata kuitambua hati yoyote, alimtambua mtu.

Ingekuwa dhuluma nyingine kuwataja wenye sarakasi na kuwasahau waliofanya kazi yenyewe, maana majina yaliyopigwa chapa kwenye matangazo hayakuwa kila mara majina ya walimu. Katika sarakasi ya Adam Forepaugh, aliyekuwa mshindani mkubwa wa Barnum, alikuwako kijana mweusi wa Marekani aitwaye Ephraim Thompson, aliyemfunza ndovu kupigana ngumi na mtu, glavu ikiwa imefungwa mkongani. Ndovu huyo akaitwa John L. Sullivan, kwa jina la bingwa wa ngumi wa zama hizo. Thompson ndiye aliyefunza, na mtoto wa mwenye sarakasi ndiye aliyesimama ulingoni akapokea makofi, kwa kuwa nchi ile haikuwa tayari kumpa mtu mweusi sifa yake. Thompson akaondoka, akaenda Ulaya akiwa na ndovu wake mwenyewe, na huko akapata jina na heshima alizonyimwa kwao. Ndovu aliyemwacha nyuma aliishi maisha marefu. Mwaka 1922, akiwa mzee, alitembezwa kwa miguu kutoka Madison Square Garden hadi Somers, safari ya maili zaidi ya 50, akaweka shada la maua chini ya sanamu ya Old Bet. Hadhira ilimshangilia ndovu, na ilikuwa haki yake. Jina la Thompson lilistahili kutajwa siku ile pamoja naye.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Mwalimu mwenye maarifa hakuanza na mchezo, alianza na tabia. Ndovu huweza kusimama kwa miguu ya nyuma ili alifikie tawi. Hupiga magoti ili ajigaragaze. Ndama hupandiana migongoni kwa mchezo. Na mkonga wake hushika jani moja kwa wepesi ule ule unaoinua gogo. Mwalimu alikichukua kitendo kilichomo katika maumbile, akakifungamanisha na neno moja na mguso mmoja, kisha akakilipa kwa mkate, karoti au tufaha, akirudia kila asubuhi mpaka neno peke yake likatosha. Alitazama nani anaelewana na nani, maana ndovu wawili waliokosana hawawekwi jirani katika safu, na jike mtulivu hutangulizwa ili wengine wamfuate. Wengi wa ndovu hao walikuwa majike wa Kihindi, kwa kuwa dume akishapevuka hupatwa na nyakati za ukali zinazoambatana na majimaji yatokayo katika tezi baina ya jicho na sikio, ambapo hata mwalimu wake wa miaka mingi si salama mbele yake. Na tamasha lilikuwa ni sehemu ndogo ya siku. Katika zama za mahema, ndovu waliamka na alfajiri kuyasukuma magari kutoka katika treni na kuvuta kamba za kusimamishia nguzo, hata siku ya tarehe 16 Julai 1956, ambapo sarakasi kubwa ya Ringling ilifanya onyesho lake la mwisho la hemani mjini Pittsburgh, ikahamia katika kumbi za saruji.

Pamoja na mkate na neno palikuwa na kamba na kulabu, nasi hatuna ruhusa ya kuzificha. Carl Hagenbeck wa Hamburg, mfanyabiashara wa wanyama ambaye mwaka 1907 alifungua bustani mashuhuri ya Stellingen iliyotumia mahandaki badala ya vyuma vya vizimba, ndiye aliyehubiri kuliko wote kwamba mnyama afunzwe kwa subira na malipo wala si kwa mjeledi, na wafuasi wake wengi waliishika njia hiyo. Hata hivyo ndama waliopita mikononi mwa wafanyabiashara wa wakati wake walikuwa wakikamatwa porini kwa kuwaua wakubwa waliowalinda, na hivyo upole wa mwalimu ulimkuta mwanafunzi aliye yatima kwa ajili ya biashara ile ile. Baada ya hapo ndama alifungwa miguu, akavutwa kwa kamba katika mkao uliotakiwa, na ncha ya chuma ikamkumbusha nyuma ya sikio na nyuma ya goti. Walimu wema waliitumia kulabu kama ishara, na wabaya waliitumia kama silaha. Lakini hata mikononi mwa mwema, ishara ile ilikuwa na maana kwa sababu ndovu aliyakumbuka maumivu yake ya kwanza.

Kwa kuijua gharama hiyo ndipo tunapoweza kuustahi ustadi bila ya kudanganyika. Tarehe 9 Aprili 1942, katika Madison Square Garden, ndovu 50 na wacheza dansi 50 waliingia pamoja katika onyesho lililotungwa na George Balanchine kwa muziki wa Igor Stravinsky, mbele yao akiwa ndovu aitwaye Modoc pamoja na Vera Zorina, mke wa Balanchine na mchezaji mashuhuri. Muziki wa Stravinsky ulikuwa wenye mapigo yanayokatika na kubadilika, mgumu hata kwa mtu, sembuse kwa mnyama aliyezoea marudio. Vitabu vya sanaa huwataja mtunzi wa muziki na mtunzi wa dansi. Aliyewapanga ndovu 50 hata wakaweza kupita baina ya mabinti 50 bila ya ajali alikuwa Walter McClain, mkuu wa ndovu wa sarakasi ya Ringling, na jina lake halitajwi ila na wachache. Mtu awezaye kulituliza kundi la namna hiyo katika ukumbi uliojaa watu hana budi kuwa na elimu kubwa, ijapokuwa elimu hiyo haikupata kuandikwa na chuo chochote.

Katika kizazi kilichofuata, elimu hiyo ilijikusanya ndani ya mtu mmoja kuliko wote, naye ni Gunther Gebel-Williams. Alizaliwa mwaka 1934 katika Silesia, iliyokuwa Ujerumani wakati huo. Baada ya vita mama yake alipata kazi ya ushonaji katika sarakasi ya Williams, kisha akaondoka, na kijana akabaki mikononi mwa jamaa ya sarakasi, ambao jina lao aliliunganisha na lake. Mwaka 1968 Irvin Feld, mwenye sarakasi ya Ringling, alinunua sarakasi nzima ya Williams kwa dola milioni mbili, na shabaha yake kuu ilikuwa kumpata mtu huyo. Gebel-Williams alifanya kazi na farasi, chui milia na ndovu, na alimzoeza chui milia kupanda juu ya mgongo wa ndovu, wanyama ambao maumbile yamewafanya wahofiane. Alisimama juu ya ncha ya ubao wa pembea, ndovu akaikanyaga ncha ya pili, naye akaruka hewani akapinduka na kutua juu ya mgongo wa ndovu mwingine aliyekuwa akimngoja. Na katika mchezo huo mtu ndiye aliyekuwa mikononi mwa mnyama, kwani ndovu akikanyaga kwa nguvu iliyozidi au iliyopungua, mwalimu huvunjika. Hesabu za sarakasi yake zasema kwamba alionekana ulingoni zaidi ya mara 12,000 hata alipoaga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alifariki mwaka 2001. Waliomwona hutaja sauti yake kuliko fimbo yake, maana alisema na wanyama wake bila ya kukoma, na kila mmoja alijua lini anaitwa yeye.

Lakini kiti cha bibi mkuu kilikaliwa pia na watu wasiokistahili, na wengine walikikalia kwa siku moja tu. Mwezi wa Septemba mwaka 1916, sarakasi iliyoitwa Sparks ilimpa mtu asiyekuwa na ujuzi wowote, aliyeajiriwa hivi karibuni, kazi ya kumpanda ndovu Mary katika maandamano ya mji wa Kingsport, Tennessee. Mtu yule alimchokoza kwa fimbo, na Mary akamuua. Kesho yake, tarehe 13, walimpeleka Erwin katika kiwanda cha reli, wakamtundika kwa winchi mbele ya umati wa watu. Mnyororo wa kwanza ukakatika, wakamtundika mara ya pili. Miaka 13 kabla ya hapo, tarehe 4 Januari 1903, ndovu Topsy aliuawa kwa sumu na umeme katika kisiwa cha Coney, mjini New York, na kampuni ya Edison ikakipiga picha za sinema kifo chake. Mtunzaji wake wa zamani, mlevi ambaye naye alikuwa amemtesa, alitakiwa amwongoze hadi mahali pa kufia na akaahidiwa fedha, akakataa. Hata mtu wa namna ile aliona kwamba kuna khiyana ambayo fedha haiihalalishi. Na tarehe 20 Agosti 1994, mjini Honolulu, ndovu Tyke, aliyekuwa amekamatwa mdogo katika Msumbiji, alimuua mwalimu wake ulingoni, akatoka nje, akakimbia mabarabarani mpaka alipoangushwa kwa risasi nyingi mchana kweupe, watu wakitazama. Mwalimu yule alikufa kifo cha kuhuzunisha, na si haki kumsahau. Tyke naye alikuwa ameonyesha kwa matendo yake, mwaka uliotangulia, kwamba amechoka, akarudishwa kazini.

Kosa hilo la kuutaka utii wa ndovu bila ya kubeba amana yake halikuwa la sarakasi peke yake, na pwani yetu ililishuhudia. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma ndovu wanne wa Kihindi, waliokwisha kufunzwa, washushwe katika ghuba ya Msasani karibu na Dar es Salaam, ili wajaribiwe kubeba mizigo kuelekea Ziwa Tanganyika chini ya uongozi wa Frederick Carter. Walitwishwa mizigo mikubwa katika nchi wasiyoizoea, malisho yasiyo yao, na wakafa mmoja baada ya mwingine; Carter mwenyewe akauawa mwaka 1880. Baadaye, katika Kongo, afisa aitwaye Laplume alianzisha chuo cha kuwafunza ndovu wa Kiafrika, kwanza Api na hatimaye Gangala-na-Bodio, nacho kikathibitisha kwamba ndovu wa bara letu hufundishika sawasawa na ndugu zake wa Bara Hindi. Uwezo wa kufundishika, hata hivyo, haujampa mtu yeyote haki ya kufundisha apendavyo.

Kwa miaka mingi mashauri ya ndovu wa sarakasi yaliletwa mahakamani na barazani. Walimu waliolelewa katika kazi hiyo walitetea kwa dhati kwamba wanawapenda ndovu wao, na wengi wao walisema kweli. Waliowapinga walileta picha za ndama waliofungwa kamba, na picha hizo nazo zilisema kweli. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote katika sarakasi mwaka 2009, Los Angeles ikaamua mwaka 2013 kuikataza kulabu, na tarehe 1 Mei 2016 sarakasi ya Ringling iliwatoa ndovu wake ulingoni kwa mara ya mwisho, nayo yenyewe ikafungwa Mei ya mwaka uliofuata. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2019. Mwaka huo huo serikali ya Denmark iliwanunua ndovu wanne wa mwisho wa sarakasi za nchi hiyo, Ramboline, Lara, Djunga na Jenny, kwa kroner milioni 11, ili wapate mahali pa kustaafu. Ramboline alikuwa ameishi bila ya ndovu mwenziwe, akafanya urafiki na ngamia aitwaye Ali. Kwani haja ya kuwa na mwenzi haifi, na anyimwapo wa kabila lake humtafuta popote anapoweza kumpata.

Tungedhani kuwa elimu ya walimu wa ndovu imezikwa pamoja na tamasha, lakini sivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo pana faraja ya kweli katika habari hizi. Carol Buckley alikuwa mwalimu wa ndovu aitwaye Tarra, ambaye alimfunza hata kuteleza kwa viatu vya magurudumu mbele ya watu. Na baadaye mwalimu huyo huyo, pamoja na Scott Blais, alianzisha mwaka 1995 makimbilio ya ndovu huko Hohenwald, Tennessee, ambako Tarra na wengine waliishi bila ya kutakiwa mchezo wowote. Mwaka 1999 aliletwa huko ndovu mzee aitwaye Shirley, na aliyemsindikiza alikuwa Solomon James, mtunzaji wake wa miaka 22 katika bustani ya wanyama ya Louisiana, ambaye alimvua mnyororo wa mguuni kwa mkono wake na kumwacha. Usiku ule ndovu mwingine, aliyeitwa Jenny kama yule wa Denmark, alikuja kwenye kizuizi cha chuma kilichomtenga na mgeni, nao wakakisukuma kwa pande zote mbili hata vyuma vikapinda. Ikabainika kwamba waliwahi kuwa pamoja katika sarakasi moja, Jenny akiwa ndama na Shirley akiwa mkubwa, zaidi ya miaka 20 nyuma. Tangu siku hiyo Jenny alimfuata Shirley, na Shirley akamtunza kama mama, mpaka Jenny alipokufa mwaka 2006. Kiti ambacho wanadamu walikikalia kwa miaka mingi kilirudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe hakuwa amesahau namna ya kukikalia.

Na katika Kenya, Daphne Sheldrick alifanya kazi hiyo hiyo kwa upande mwingine. Baada ya majaribio ya miaka mingi alipata namna ya kuwalisha kwa maziwa ndama walioachwa yatima na majangili, akigundua kwamba mafuta ya nazi hukaribia yale ya maziwa ya ndovu kuliko mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Na watunzaji wa kituo chake cha Nairobi hulala usiku ndani ya banda pamoja na ndama, kwa kuwa ndama asiye na jamaa hufa kwa huzuni hata akiwa ameshiba. Watunzaji hao wanayajua yote ambayo walimu wa sarakasi waliyajua: sauti, mguso, subira, na tofauti ya tabia baina ya ndama mmoja na mwingine. Lakini wao hukikalia kiti cha mkuu kwa nia ya kukitoka, kwani ndama kwa kawaida hupelekwa hatimaye Tsavo, akakutana na yatima wakubwa waliomtangulia, na polepole akawaacha watu akaingia porini. Mwalimu wa ndovu wa zamani alifanikiwa pale ndovu alipomhitaji daima. Mtunzaji wa Nairobi hufanikiwa siku ndovu anapoacha kumhitaji.

Basi tuwakumbuke vipi? Tusiwakumbuke walimu wa ndovu kama majahili, kwa sababu hapana kundi la watu katika Ulaya na Marekani ya zama zao lililomfahamu kiumbe huyu kwa ukaribu kuliko wao, na mengi ambayo wataalamu waliyathibitisha baadaye kuhusu kumbukumbu yake, huzuni yake na ujamaa wake, wao waliyajua kwa mikono yao. Tusiwakumbuke pia kama watakatifu, kwa sababu ujuzi huo ndio uliowaondolea udhuru: aliyejua kwamba ndovu huhuzunika hakuwa na ruhusa ya kumtenga, na aliyejua kwamba hakumbuki kwa siku moja bali kwa umri hakuwa na ruhusa ya kumfunza kwa maumivu. Tuwataje kwa majina yao, Scott na Thompson, McClain na Gebel-Williams, na tuwataje ndovu wao kwa majina yao, kama wanavyotajwa watu walioshirikiana kazi moja bila ya kushirikiana faida yake. Kumbukumbu ya namna hiyo haimlazimu mtu aliyecheka utotoni kuikana furaha yake. Humtaka tu akiri kwamba furaha hiyo ililipwa na mwingine, na kwamba deni lililobaki lina njia ya kulipwa: ardhi ya kutosha kwa ndovu walio porini, uzee wenye utulivu kwa wale waliokwisha kuwa mikononi mwetu, na kila anayekabidhiwa ndama asiye na mama akumbuke kwamba amekalia kiti cha kuazimwa, na siku ya kukirudisha haina budi kufika.